"JST" Siyo Saizi: Ukiuza Konekta Ndogo Mtandaoni, Uza kwa Kipimo

"Bosi, mna ile soketi nyeupe ndogo ya waya mbili?"

Kama unauza vifaa vya elektroniki mtandaoni, ujumbe huu unaujua. Unakuja na picha iliyopigwa usiku, kidole kimefunika nusu ya kitu chenyewe, na kabla hujajibu swali la kwanza la pili limeshaingia: "Bei gani?" Wauzaji wengi hujibu haraka: "Zipo bosi, ni JST, karibu sana." Pesa inatumwa, mzigo unapanda basi. Siku mbili baadaye ujumbe unarudi: "Bosi, haiingii."

Msimamo wangu nauweka mapema. Kazi ya kuitambua konekta ni ya muuzaji, siyo ya mteja. Ukiitangaza kwa jina la "JST" peke yake, bila namba, umemuuzia mtu bahati nasibu. Akikosa, mara nyingi wewe ndiye utakayelipia.

Najua wapo watakaosema, "Konekta ya shilingi mia tano nayo ni ya kuandikia makala?" Ndiyo. Tena kwa sababu hiyo hiyo. Twende taratibu.

DUKANI MKONO NDIO KIPIMO

Mtu akiingia Kariakoo, au akishuka Luthuli pale Nairobi, anakuja na kifaa chake mkononi. Anakitoa kwenye mfuko, muuzaji anajaribisha ya kwanza, haiingii. Ya pili inalegea. Ya tatu inakaa vizuri. Hakuna aliyepima chochote, hakuna aliyetaja jina, na biashara imeisha kila mtu anacheka. Mkono wa mteja ndio uliokuwa kipimo.

Mtandaoni mkono huo haupo. Mteja yuko Mwanza, wewe uko Dar. Anaona picha tu, na kwenye picha konekta zote ndogo nyeupe ni ndugu. Kitu cha milimita 1.25 na kitu cha milimita 2.5 vinaweza kujaza skrini ya simu sawasawa. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kingine cha kuchukua nafasi ya ule mkono, na kitu hicho ni namba. Namba hiyo anayo mwenye bidhaa mezani, yaani wewe.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pakiti ya konekta kumi unaiuza 3,000 na faida yako ni 1,000. Mteja wa mkoani ametoa 5,000 ya kusafirisha. Ikifika siyo yenyewe, kuna kurudisha, kuna kutuma nyingine, kuna vocha ya kupigiana simu. Hata mkigawana gharama nusu kwa nusu, oda hiyo moja imekula faida ya oda tano au zaidi zilizokwenda vizuri. Na hapo hatujahesabu mwanafunzi wa chuo ambaye projekti yake inakaguliwa Ijumaa. Huyo hatakudai hela, ila atawaambia darasa zima.

JST NI KAMPUNI, TENA YENYE WATOTO WENGI

JST ni kampuni ya Japani, na herufi hizo ni kifupi cha Japan Solderless Terminal. Inatengeneza familia nyingi za konekta, na familia hizo haziingiliani. Kumwambia mteja "ni JST" ni sawa na kumwambia anayetafuta brekipedi "ni za Toyota". Toyota ipi? Vitz? Hiace? Land Cruiser? Fundi atakucheka.

Kinachotenganisha familia hizi kwanza kabisa ni umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Wenye kazi yao wanauita pichi. Hizi hapa ndizo utakazokutana nazo sana. Zinakili, zibandike ukutani juu ya meza yako:

• SH: pichi 1.0 mm. Ndogo kabisa. Ya pini 4 ndiyo inayotumika kwenye bodi za sensa zenye mfumo wa Qwiic na STEMMA QT.

• GH: pichi 1.25 mm, ina kilimi cha kufungia. Utaikuta kwenye bodi za kuongozea droni, mfano zile za Pixhawk.

• ZH: pichi 1.5 mm.

• PH: pichi 2.0 mm. Ya pini 2 ndiyo inayokuja na betri nyingi ndogo za LiPo za projekti.

• XH: pichi 2.5 mm. Ndiyo ile nyeupe ya kubalansi chaji kwenye betri za LiPo za droni na magari ya rimoti. Betri ya seli 2 ina pini 3, ya seli 3 ina pini 4, ya seli 4 ina pini 5.

• SM: pichi 2.5 mm, lakini hii ni ya waya kwa waya, haikai kwenye bodi. Ya pini 3 iko sana kwenye mikanda ya taa za LED zinazobadilisha rangi moja moja.

• RCY: pichi 2.5 mm, ya pini 2. Kwa kawaida ni nyekundu, iko kwenye betri za ndege na magari madogo ya rimoti.

• VH: pichi 3.96 mm. Kubwa, ya umeme mzito kidogo, utaikuta kwenye bodi za pawa.

Nje ya familia hiyo kuna "Dupont", zile nyeusi za mraba zinazovaa kwenye pini za Arduino na Raspberry Pi. Pichi yake ni 2.54 mm, yaani inchi moja ukiigawa kwa kumi. Halafu kuna PicoBlade ya kampuni ya Molex, pichi 1.25 mm, ambayo inasumbua kuliko zote, na sababu yake inakuja sasa hivi.

WANAOTUUZIA NAO WANATUCHANGANYA

Ukiagiza kutoka China utaona tangazo limeandikwa "JST 1.25". Ukisoma haraka unasema hii ni GH, kwa sababu GH ndiyo ya JST yenye pichi 1.25. Kumbe mara nyingi kilichomo kwenye pakiti ni nakala ya PicoBlade ya Molex. Pichi ni ile ile 1.25, lakini umbo la plastiki ni tofauti na haziingiliani. Mwenye droni aliyeagiza kwako akitegemea GH atapokea kitu ambacho hakiingii hata ukikisukuma kwa nyundo.

Mfano mwingine: "XH2.54". XH halisi ni 2.5, siyo 2.54. Kwa konekta ya pini 2 au 3 tofauti ya 0.04 huisikii. Lakini hesabu konekta ya pini 10. Kuna nafasi tisa kati ya pini, na tisa mara 0.04 ni 0.36 mm. Hapo mtu anayechora bodi yake mwenyewe kwa kutumia namba uliyomwandikia atakuta matundu yanakataa pini za mwisho. Ameshalipia bodi, ameshasubiri wiki kadhaa, na kosa limetoka kwenye tangazo lako ulilonakili bila kupima.

Ndiyo maana nasema usinakili jina la aliyekuuzia. Pokea mzigo, fungua, pima, halafu andika wewe mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na konekta bila kipimo ni hivyo hivyo.

Na kuna jambo la uaminifu hapa. Kama mzigo wako haukutengenezwa na JST yenyewe, usiandike "JST original". Andika "aina ya XH" au "inaingiliana na XH". Nakala siyo dhambi, nyingi zinafanya kazi vizuri tu kwenye projekti. Dhambi ni kumdanganya mteja kuhusu anachonunua. Anayejua tofauti atakuheshimu kwa neno hilo moja la "aina ya", na asiyejua hutakuwa umemdhulumu.

KUPIMA HAKUHITAJI MAABARA

Kifaa cha kwanza ni kalipa ya dijitali. Zile za plastiki za bei ndogo zinatosha kwa kazi hii. Huna? Rula safi ya milimita inaweza kukufikisha mbali ukiitumia kwa akili.

Siri ni hii: usipime nafasi moja, pima zote kisha gawanya. Chukua konekta ya pini 5. Pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho, kisha gawanya kwa 4, kwa sababu pini tano zina nafasi nne kati yake. Ukipata jumla ya milimita 10, pichi ni 2.5. Ukipata 8, ni 2.0. Ukipata 6, ni 1.5. Ukipata 5, ni 1.25. Ukipata 4, ni 1.0. Hata rula ya mtoto wa shule inaona tofauti ya 8 na 10.

Ya pini 2 ndiyo yenye ugumu, kwa sababu kuna nafasi moja tu. Hapo usihangaike kutafuta katikati kwa macho. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa pini ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa pini ya pili. Namba itakayotoka ndiyo pichi. Ukitumia kalipa kwa nje ya pini zote mbili, toa unene wa pini moja.

Na kuna rula ya bure ambayo wauzaji wengi wa elektroniki wanayo dukani bila kujua: ile bodi ya matundu ya kulehemu. Matundu yake kwa kawaida yamepangwa kwa 2.54. Weka konekta ya pini nyingi juu yake. Pini zikienda sambamba na matundu, uko kwenye ukoo wa 2.5 au 2.54. Zikipishana mapema, ni ndogo zaidi.

Ukishapata pichi, angalia umbo. Ina kilimi cha kufungia au inashikwa kwa kubanana tu? Ganda lake lina vituta vya kuizuia isiingie kinyume? XH ina vituta viwili upande mmoja, na soketi yake ina mikato miwili ya kuvipokea. Dupont haina kizuizi chochote, unaweza kuichomeka kinyume na isikuambie kitu. Pichi pamoja na umbo ndiyo majibu kamili. Pichi peke yake haitoshi, tumeshaona kisa cha GH na PicoBlade.

ACHANA NA "DUME" NA "JIKE"

Hapa wauzaji na wateja wanagombana bure. Kwenye plagi kubwa, dume na jike vinaeleweka. Kwenye hizi ndogo, siyo hivyo. Chukua PH ya upande wa waya: plastiki yake inaingia ndani ya plastiki ya soketi ya bodi, kwa hiyo mmoja anaiita dume. Lakini chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachopokea pini, kwa hiyo mwingine anaiita jike. Wote wana hoja, na mzigo unaenda kinyume.

Ushauri wangu: andika "upande wa waya" na "upande wa bodi". Hakuna atakayekosea. Kwa upande wa bodi ongeza kama pini zimesimama au zimelala, na kama zinapita kwenye matundu ya bodi au zinalehemiwa juu juu. Maneno machache tu hayo, lakini yanazuia nusu ya ugomvi.

WAYA MWEKUNDU SIYO USHAHIDI

Sasa sikia sehemu hii kwa makini, kwa sababu hapa hatuongelei tena hela ya bodaboda.

Konekta ya pini 2 inaweza kuingia vizuri kabisa, ikabana kabisa, na bado ikaunguza bodi. Hakuna sheria inayosema chanya ikae kushoto au kulia kwenye konekta ya PH ya betri. Kiwanda kimoja kinaweka hivi, kingine kinaweka vile. Mteja ananunua betri kwako na bodi kwa mwingine, anachomeka, harufu inatoka. Bodi nyingi ndogo hazina kinga ya umeme uliogeuzwa.

Kwa hiyo kama unauza betri zenye konekta, au waya zenye konekta tayari, piga picha ya karibu inayoonyesha waya mwekundu uko upande gani wakati konekta imelala kwa namna fulani, kisha andika: "Linganisha na alama za + na - kwenye bodi yako kabla ya kuchomeka." Na wewe mwenyewe pima kwa mita betri chache katika kila mzigo mpya. Rangi ya waya ni ahadi ya kiwanda, mita ndiyo inayosema ukweli.

Ikitokea mteja ana betri yenye upande uliogeuka, usimwambie akate waya na kuunga upya kama hajui anachofanya. Betri ya lithiamu ikikatwa waya zote mbili kwa mkasi mmoja kwa wakati mmoja, chuma cha mkasi kinaziunganisha, cheche zinaruka, na betri inaweza kupata moto. Njia nzuri zaidi ni kuzitoa pini zenyewe kwenye ganda la plastiki. Kuna kijilimi kidogo kinachoishikilia kila pini. Unakilegeza taratibu kwa ncha ya sindano, unavuta waya mmoja, unaufunika kwa gundi ya umeme, ndipo unatoa wa pili, halafu unavirudisha kwa kupishana. Moja kwa wakati. Fanya wewe kabla ya kutuma kama mteja ameshakuambia anatumia bodi gani. Hiyo ni huduma, na unaweza kuitoza kidogo.

Pia usisahau uwezo wa kubeba umeme. Kwa konekta halisi za JST, SH inabeba hadi ampia 1, PH ampia 2, XH ampia 3, VH ampia 10, na hapo ni kwa waya mnene unaofaa. Mtu akikuambia anataka PH kwa ajili ya mota ya droni kubwa, usimuuzie tu kwa sababu ipo stoo. Muelekeze kwenye XT30 au XT60. Utapoteza oda ndogo leo, ila atajua wewe ni mtu wa kuulizwa.

NA ZILE PLAGI ZA DUARA

Siwezi kumaliza bila kuzitaja plagi za duara za DC, za ruta, kamera za ulinzi na Arduino Uno. Kuna ya 5.5 kwa 2.1 mm na kuna ya 5.5 kwa 2.5 mm. Kwa nje zote ni 5.5, hutaona tofauti kwa macho. Tofauti iko kwenye tundu la katikati. Plagi ya 2.1 haiingii kwenye soketi yenye pini ya 2.5. Ile ya 2.5 inaingia kwenye soketi ya 2.1, lakini inalegea, umeme unakatika ukiigusa. Mteja atasema adapta yako ni mbovu, wakati adapta ni nzima, namba ndiyo siyo.

Weka mezani soketi mbili za mfano, moja ya kila saizi, na jaribishia kila mzigo unaoingia. Kisha andika namba zote mbili kwenye tangazo, siyo "plagi ya DC" tu.

MUULIZE MTEJA MASWALI SAHIHI

Mteja hawezi kukuambia "nataka PH ya pini 2". Angejua hilo asingekutafuta kwa maelezo. Kuuliza si ujinga, ila muuzaji naye lazima ajue cha kuuliza. Hifadhi ujumbe huu kwenye simu yako uwe unaubandika:

"Ndugu mteja, ili nikutumie inayoingia, naomba vitu vitatu. Moja, picha ya konekta ikiwa imelazwa kando ya rula, simu ikiwa juu yake moja kwa moja, siyo pembeni. Mbili, idadi ya pini. Tatu, imetoka kwenye kifaa gani, na unataka upande wa waya au wa bodi. Asante."

Mwambie asisogeze simu karibu sana. Asogee mbali kidogo kisha avute picha, hapo rula na konekta vinaonekana kwa uwiano wa kweli. Na rula iwe kwenye kimo kimoja na konekta. Rula ikiwa chini na konekta ikiwa juu, picha inadanganya.

Kifaa kilikotoka nacho ni ushahidi mkubwa. Akisema "waya wa kubalansi betri ya droni", akili yako iende XH. Akisema "mkanda wa LED wa waya tatu", iende SM. Usimalizie hapo, kipimo ndicho kinachothibitisha, lakini umeshapunguza msako.

TANGAZO LIANDIKWE HIVI

Badala ya "Konekta JST zipo, bei poa, karibu inboksi", andika:

"Konekta aina ya PH, pichi 2.0 mm, pini 2. Upande wa waya, waya umeshabanwa, urefu sentimita 10. Inafaa betri ndogo za LiPo. HAIINGILIANI na XH (2.5 mm). Angalia picha ya pili kuona upande wa waya mwekundu. Hujui yako ni ipi? Tuma picha kando ya rula."

Ona ile sentensi ya "haiingiliani". Wauzaji wanaogopa kuiandika wakidhani inafukuza wateja. Inafukuza wale ambao wangerudisha mzigo, basi. Na anayetafuta mtandaoni kwa maneno "PH 2.0" ataliona tangazo lako kabla ya lile la "bei poa".

"LAKINI WATEJA WANGU HAWAJALI VIPIMO"

Nimeshayasikia majibu ya wanaopinga, nayo yana uzito wake.

La kwanza: mteja hajui pichi, ukimwandikia namba unamtisha. Kweli hajui. Lakini hata anayenunua viatu mtandaoni hakuzaliwa akijua namba ya mguu wake. Wauzaji wa viatu walimfundisha kwa kuandika namba kila siku mpaka akazoea. Nasi ni hivyo hivyo.

La pili: ni bidhaa ya hela ndogo, muda wa kupima haulipi. Hupimi kila konekta. Unapima kila mzigo mara moja, dakika mbili, unaandika kwenye mfuko kwa kalamu, imeisha. Muda unaoliwa kweli ni ule wa kubishana na mteja jioni nzima.

La tatu: nikiweka vipimo, mshindani atanakili tangazo langu. Atanakili maneno. Akiyanakili bila kupima mzigo wake, mzigo utamuumbua. Wateja wake watakuja kwako.

ANZA NA CHACHE

Siyo lazima uwe na kila familia. Kwa mtaji mdogo mimi ningeweka XH na PH za pini 2 hadi 5, Dupont, SM ya pini 3, XT60, na plagi za duara za 5.5 kwa 2.1. Hizo zinagusa betri, taa, bodi za wanafunzi na adapta. Nyingine agiza kwa oda.

Na uza zaidi zile zenye waya uliokwisha kubanwa. Wateja wengi wa projekti hawana koleo maalumu la kubania pini hizi, na ukibana kwa koleo la kawaida waya unachomoka. Wewe ukiwa nalo, unaongeza thamani kwenye kitu cha mia tano na kukiuza zaidi kihalali.

Wiki hii fanya kazi moja tu. Mwaga lile boksi la konekta "mchanganyiko" mezani. Chukua moja ya kila aina, ipime, ibandike kwenye kipande cha kadibodi na kuandika chini yake jina, pichi na idadi ya pini. Kadibodi hiyo ipige picha, iweke ya kwanza kwenye ukurasa wako. Zile ambazo hukuweza kuzitambua ziweke mfuko wa pembeni, na usiuze hata moja mpaka uzijue.